Msilishitaki Joto la Maskati

Hoja mmezisikia, kwa hiyo sitazisimulia upya kwa kirefu. Rojo la vitumbua limeachwa jikoni, Al Khuwair au Ghubra, liumuke. Baada ya saa mbili limevuka ukingo wa bakuli, limeteremka ubavuni, limefika mezani, na mwenye nyumba anafuta povu kwa tambara huku akiilaani nchi. Wa kwanza kulaumiwa ni joto la Maskati. Wa pili ni hamira. Kisha zinamiminika dawa: sukari ipunguzwe, sukari iongezwe, magadi, mfuniko wa kubana, na mwisho wa yote jalala. Nimezisikiliza hoja hizo kwa utulivu, na nyingi zina chembe ya ukweli. Ndiyo maana haziishi kusemwa. Nyinyi mnaosoma ndio mahakimu, na ushahidi uko jikoni kwenu. Madai yangu mimi ni mafupi: kinachoamua ni joto la rojo lenyewe wakati hamira inapoingia, na karibu kila dawa inayotajwa hailigusi jambo hilo.

Hoja yenye wafuasi wengi zaidi ni kwamba Oman ni nchi ya moto, na hamira haitulii katika nchi ya moto. Tuitendee haki. Usiku wa Juni hapa Bawshar, wilaya ya Maskati, aghalabu haushuki sana chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, na pale Qurayyat, kusini mashariki ya mji mkuu, mwezi wa Juni 2018 ulipita usiku ambao kipimajoto hakikwenda chini ya 42.6. Hamira ni kiumbe hai. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 kasi yake hukaribia kuongezeka maradufu. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza Januari. Januari usiku wa hapa hushuka mpaka 17 au 18, baridi ambayo jikoni za Unguja hazikuizoea, na watu walewale hulalamika kwamba rojo limegoma, limelala kama uji uliopoa. Nchi moja, mpishi mmoja, malalamiko mawili yanayopingana. Anayesema "nchi ya moto" atatueleza nini kuhusu rojo la Januari? Na si hilo tu. Kuanzia Aprili jikoni nyingi za Bawshar zina kiyoyozi kinachovuma mchana kutwa, na rojo linafurika ndani ya chumba chenye nyuzi 25. Basi joto la nje limeingiaje ndani ya bakuli?

Limeingia kwa bomba. Nyumba za Bawshar zina matangi ya maji juu ya paa, na jua la kiangazi huyapika matangi hayo kuanzia asubuhi. Wakazi wanalijua jambo hili vizuri mno: kiangazi huzima hita ya bafuni, kisha huoga kwa bomba la upande wa moto, maana maji yaliyolala ndani ya hita iliyozimwa, kivulini, yana nafuu kuliko yale yanayoitwa ya baridi. Mtu huyohuyo akitoka bafuni na kuingia jikoni, anafungua bomba la baridi, anarowekea mchele, anasagia, na hajiulizi lolote. Maelekezo aliyorithi yanamwambia atumie maji ya uvuguvugu. Yalitolewa mahali ambapo maji ya kisimani yalikuwa ya baridi kweli na yalihitaji kupashwa. Hapa mchana wa Julai uvuguvugu umeshapitwa kabla ya kuwasha jiko. Ongeza mashine. Blenda ikisaga mchele kwa dakika kadhaa mpaka ulainike, msuguano wa visu hupasha kile kinachosagwa. Shikeni jagi lake mtakaposaga tena. Ongeza tui, ambalo siku hizi mara nyingi ni tui la unga linalovunjwa kwa maji moto. Vitu vitatu vya moto vimekutana, na hamira inanyunyiziwa juu yake palepale. Rojo la namna hiyo huweza kuanza safari likiwa na nyuzi 37 au 38, yaani pale hasa ambapo hamira hutoa gesi kwa fujo kuliko mahali pengine popote. Kiyoyozi hakina la kufanya: bakuli zito la rojo hupoa polepole, na hamira inapofanya kazi nayo hutoa joto lake yenyewe.

Wapinzani wangu watasema hili ni jambo dogo la maji ya bomba. Basi wawatazame watengenezaji wa bia, ambao kwao kufurika ni tatizo kongwe. Sizungumzii kutengeneza bia hapa Oman. Sheria na dini zina kauli yake. Nazungumzia elimu tu, kwa sababu hamira ya mikate na ile ya bia nyingi ni kiumbe kimoja, Saccharomyces cerevisiae, na kwa karne nyingi waokaji wa Ulaya walichukua povu kutoka kwa watengenezaji wa bia kwenda kuumulia mikate. Mtengenezaji wa bia anapochemsha maji ya shayiri hatii hamira mpaka ayapoze, na kwa aina nyingi za bia hushuka hadi nyuzi 20 hivi au chini yake. Akitia hamira kwenye maji ya nyuzi 30 na zaidi, povu hupanda mpaka litoke nje ya chombo, na kinachobaki kina ladha mbaya. Dawa yake ya kwanza ni kupoza kabla. Hakuna hata mmoja kati yao anayeanza kwa kuilaumu nchi anayoishi.

Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo bila mtambo wowote. Mchele urowekwe kwenye friji. Tui liwe la baridi. Maji ya kusagia yatoke kwenye chupa iliyolala ndani ya friji, na sehemu yake iwe barafu, ikihesabiwa kama maji ili rojo lisije likawa jepesi. Hamira iingie mwisho, baada ya kusaga, rojo likiwa na nyuzi 25 au 26. Kipimajoto cha jikoni kinapatikana kwa bei ndogo. Asiyekuwa nacho atie kidole, asikie ubaridi kidogo. Akisikia ufufutende, angoje.

Hoja ya pili ni ya kipimo: hamira ipunguzwe nusu, basi, na mjadala ufungwe. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Katika saa ya kwanza au ya pili, wingi wa gesi hufuata wingi wa hamira, na kijiko kizima cha chai kwa vikombe viwili vya mchele ni kingi kwa kiangazi. Nusu inatosha, na robo inatosha kwa anayelaza usiku. Lakini tazameni kinachotokea hamira inapopunguzwa peke yake, rojo likiachwa na joto lilelile. Muda unarefuka, na katika muda huo hamira haiko peke yake bakulini. Kwenye mchele na tui wamo bakteria wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, na wengi wao hustarehe kwenye joto ambalo hamira yenyewe huanza kulichoka. Matokeo ni rojo ambalo halikufurika lakini limechacha. Mpishi amebadilisha mashitaka, hakushinda kesi.

Kuhusu sukari, upande wa pili hauna hoja moja. Una hoja mbili, na zinapigana zenyewe. Wengine wanasema sukari ndiyo chakula cha hamira, kwa hiyo iondolewe. Wengine wanasema sukari nyingi huitia hamira usingizi, kwa hiyo iongezwe. Nimewahi kusikia zote mbili kutoka kinywa kimoja katika kikao kimoja, na hakuna aliyeshtuka. Ukweli ni kwamba zote zina mahali pake. Sukari kidogo huichochea hamira. Ikizidi sana, sukari huvuta maji kutoka ndani ya chembe za hamira na kuipunguzia kasi. Nani anajua bakuli lake liko upande gani wa mpaka huo? Kuitumia sukari kama breki ni kubahatisha, na bei ya kubahatisha ni vitumbua vitamu kupita kiasi vinavyoungua nje kabla ndani hakujaiva. Njia iliyonyooka wengi wanaijua tangu zamani: tia kijiko kimoja mwanzoni, kilichobaki kiingie rojo likishaumuka, muda mfupi kabla ya kukaanga.

Mfuniko wa kubana unatetewa kwa maneno haya: gesi ikizuiwa ndani, rojo halitapanda. Hapa hesabu inamaliza ubishi. Gramu 10 za sukari, kama vijiko viwili na nusu vya chai, zikiliwa zote na hamira, hutoa zaidi ya lita mbili na nusu za hewa ukaa. Zitakwenda wapi ndani ya kopo la lita tatu ambalo nusu yake ni rojo? Ama mfuniko utaruka, ama kopo litatoboka mahali palipo dhaifu, ama, kama chombo ni cha glasi, itakuwa habari nyingine kabisa. Watengenezaji wa bia hujua chupa zinavyopasuka, ndiyo maana huweka mrija unaotoa gesi na povu mpaka kwenye chombo cha maji. Sisi hatuhitaji mrija. Tunahitaji bakuli ambalo rojo linajaza theluthi moja tu, na sahani juu yake iliyokaa bila kubanwa. Asilimia kubwa ya "kufurika" ninayoonyeshwa ni bakuli dogo.

Magadi soda yasinichukulie muda mrefu. Yanasifiwa kwamba yanaponya rojo lililochacha. Yanapunguza ukali, ndiyo. Yakikutana na asidi huipoza. Lakini kukutana huko kunatoa hewa ukaa zaidi, yaani mpishi anatibu rojo linalofura kwa kulitia kitu kinachofurisha. Hamira haikomi kwa hayo. Na magadi yakizidi chembe ndogo, kitumbua hugeuka manjano na kuacha ladha ya sabuni ulimini ambayo iliki yote ya Pemba haitaificha. Tia chembe hiyo dakika ya mwisho, kaanga papo hapo. Kulitia magadi kisha kuliacha rojo saa nzima "lipumzike" ni jambo ambalo sijaelewa mantiki yake.

Inayofuata hutolewa kwa sauti nzito zaidi: rojo lililofura sana limekuwa pombe, kwa hiyo haliliki. Wilaya hii ndiyo yenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, na hoja ya dini haifanyiwi mzaha hapa. Hukumu ya fiqhi naiachia wenye elimu yake. Mimi nahoji ushahidi tu. Ni kweli kwamba hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili pamoja, hewa ukaa na alkoholi. Louis Pasteur alilishughulikia jambo hili katika miaka ya 1850 na 1860, na kitabu chake juu ya bia kilitoka 1876. Lakini ushahidi huo hauwezi kumshitaki mmoja na kumwachia mwingine. Kazi ileile inafanyika ndani ya donge la mandazi, ndani ya mkate wa ufuta, na ndani ya mikate ya dukani ambayo mtoa hoja ameinunua asubuhi na kuila na maharage. Sehemu kubwa ya alkoholi hiyo huruka kwa moto, na mabaki ni madogo. Kama kigezo ni kwamba hamira imefanya kazi, basi mwenye hoja aiache na mikate. Kama kigezo ni kwamba imefanya kazi mno, atuambie mno ni kiasi gani, na amekipima kwa nini. Harufu ya ulevi kwenye rojo ni dalili kwamba limekaa sana au limepata joto sana, na kwa mpishi hiyo ni sababu tosha ya kulitengeneza mapema zaidi kesho.

"Likishamwagika ni la kutupa." Hapa lazima tutenganishe, kwa sababu wapinzani wamefunga vitu viwili katika furushi moja. Donge la ngano, kama la mahamri, likiumuka kupita kiasi linalegea; zile nyuzi zinazoshika gesi zimevutwa mpaka zimechoka. Hata hilo halitupwi: libonyeze gesi itoke, likande kidogo, likate, lipumzike muda mfupi mahali pa baridi. Rojo la mchele halina nyuzi hizo kabisa, kwa hiyo hakuna cha kukatika. Likoroge lishuke, litie sukari iliyobaki, litie kwenye friji nusu saa, kaanga. Vitumbua vitakuwa na uchachu kidogo. Majirani zetu wa Kerala, ambao Bawshar imejaa, hula appam ya mchele na nazi yenye uchachu huohuo na huisifu kwa hilo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watupaji wangelisema wangenishinda, na hawalisemi. Mchele una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake zinastahimili moto. Mchele uliorowekwa kwenye maji ya vuguvugu kwa saa nyingi, kabla ya hamira na uchachu kuushika, ni mahali pazuri kwake, na baadhi ya jamii zake hutoa sumu ambayo mafuta ya karai hayaiharibu. Hatari yenyewe imo kwenye lile sufuria la mchele lililosahauliwa kutoka asubuhi hadi magharibi juu ya kabati, na hilo hakuna anayelitazama kwa sababu halikumwagika. Mchele wa namna hiyo ndio wa kutupwa, hata kama haujatoa povu hata tone. Vivyo hivyo rojo lenye mayai lililolala nje usiku wa Agosti, au lenye utando wa waridi au kijivu. Watu wanamwaga lililo salama kwa kuwa limechafua meza, na wanasaga mchele wenye mashaka kwa kuwa umetulia.

Hoja ya bibi zetu ndiyo ngumu kuijibu bila kuonekana mkosefu wa adabu. Inasema: bibi zetu wa Ng'ambo na Mji Mkongwe, Zanzibar, hawakuwa na friji wala kipimajoto, na rojo lao halikufurika. Nakubali kwamba walikuwa mafundi. Sikubali kwamba hawakudhibiti joto. Maji yao yalitoka kisimani au kwenye mtungi wa udongo, ambao hutoa jasho na kujipoza wenyewe. Mchele walitwanga kinuni au walisaga kwa jiwe, bila kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kwa hiyo rojo lao lilianza likiwa baridi, na ndilo hasa ninalolitaka mimi. Tena wenye hoja hii wamesahau kitu kingine. Hamira kavu ya chembe laini, ile inayotiwa moja kwa moja bila kuamshwa kwenye maji, iliingia sokoni katika miaka ya 1970, na ina nguvu na kasi kuliko chachu za zamani. Familia nyingi zilizotoka Zanzibar zilikuja Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipotwaa utawala. Yaani nchi mpya na hamira mpya ziliingia jikoni karibu katika muongo mmoja. Anayelinganisha kitumbua cha bibi yake na chake amebadilisha maji, kinu, hamira na mji kwa mpigo, kisha kati ya vinne hivyo amechagua kuulaumu mji.

Imebaki friji. Tunaambiwa isitumike, maana baridi inaua hamira, na kwamba hata waliojaribu waliona rojo likifurika mlemle ndani ya friji. Someni hoja hiyo mara ya pili. Kama baridi imeiua hamira, nani amelifurisha rojo? Na wanaosema hivyo, ukiwafungulia friji zao, utaikuta pakiti ya hamira imebanwa kwa kibanio cha nguo, mlangoni, miezi mitatu sasa, hai kabisa. Baridi ya nyuzi 4 huilaza hamira; inayoiua ni moto, kuanzia nyuzi 55 hivi. Kilichotokea kwenye friji ni kwamba rojo lenye nyuzi 37 liliingizwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kina kirefu na mfuniko wake. Plastiki hupitisha joto kwa shida, na katikati ya ndoo pamebaki na moto kwa saa nyingi, hamira ikiendelea na shughuli zake kama haikuambiwa lolote. Ligaweni kwenye sinia mbili za chuma, unene usizidi vidole vitatu, liingie likiwa limeumuka nusu tu ya mnavyotaka, na likae kwenye rafu ya chini, mbali na mlango unaofunguliwa kila dakika na watoto wanaotafuta maji ya kunywa.